Tuchange kila mwaka au tusubiri msimu wa karafuu?

SWALI: Mhariri, assalaamu alaykum. Sisi ni walimu 12 wa Wete na Micheweni ambao tulisomea ualimu katika chuo kikuu kimoja Unguja, na tumekubaliana kuisaidia skuli ya elimu ya chuo hicho. Wenzangu wenye mashamba wanataka tusubiri msimu mzuri wa karafuu tutoe fungu kubwa mara moja. Mimi naona bora tutoe kidogo kidogo kila mwaka. Je, ipi ni njia bora, na mchango huo unaweza kuhesabiwa kuwa zaka? Mwalimu, Wete.

JIBU: Waalaykumu salaam, mwalimu wetu. Nakubaliana na wewe, na sababu yangu kubwa ni mwanafunzi mwenyewe. Shahada ya ualimu kwa kawaida huchukua miaka 3, kwa hiyo kijana anayesaidiwa mwaka wa kwanza kisha akaachwa hurudi kwenye shida ile ile iliyomkabili mwanzo, tena wakati mbaya zaidi, kwa kuwa mbele yake yapo mazoezi ya kufundisha, ambayo humtaka awe na nauli ya kila siku ya kwenda skuli aliyopangiwa, nguo za heshima na vifaa vya kuandalia masomo. Kwa mtoto wa Pemba anayesoma Beit-el-Ras au Chukwani zimo pia gharama za boti na za dakhalia au chumba cha kukodi. Tuseme kila mmoja wenu anatoa shilingi 5,000 kwa mwezi: kwa watu 12 hizo ni shilingi 720,000 kwa mwaka, na ubora wa fedha hizo ni kwamba chuo kinajua zinakuja, kikaweza kumuahidi mwanafunzi mmoja au wawili hadi wamalize.

Hoja ya wenzako nayo isidharauliwe. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka, na kumtaka mkulima atoe kiasi kile kile mwaka wa mavuno haba ni kumtia uzito. Dawa yake ni kuweka akiba: katika mwaka wa neema, fedha za ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, zikishaingia mkononi, mwenye shamba aweke kando michango yake ya miaka miwili au mitatu mbele, na mtunza fedha wenu aipeleke chuoni kwa mafungu ya kila mwaka.

Kuhusu zaka, Surat at-Tawba, aya ya 60, imewataja wanaostahiki kwa makundi 8. Mwanafunzi fakiri au masikini anaingia humo, lakini maulamaa wengi hawakubali zaka itumike kujenga au kukarabati jengo, kununua viti wala kompyuta. Basi tenganisheni: zaka iandikwe kuwa ni ya wanafunzi wahitaji tu, na sadaka itumike kwa mengineyo. Zaka ya fedha hufuata mwaka wa Hijria, ambao ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko mwaka wa kawaida, kwa hiyo anayeitoa kila Ramadhani ataona inazidi kuhama kutoka kwenye mwanzo wa masomo. Sadaka haina sharti hilo, nanyi mnaweza kuipeleka wiki chache kabla ya chuo kufunguliwa, pale inapohitajika hasa.

Chuo cha elimu cha Chukwani, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha SUMAIT, kilianzishwa mwaka 1998 kwa michango iliyotoka Kuwait. Nalitaja hili kwa sababu wengi wetu tumefundishwa na walimu waliosomeshwa kwa sadaka za watu wasiotujua, na hunipa furaha kubwa kuona walimu wa Wete na Micheweni nao wakitaka kutoa.

Akiwapo miongoni mwenu aliye tayari kutoa shamba lenyewe, hilo ni wakfu: halitauzwa wala kurithiwa, bali mazao yake ndiyo yatakayotumika. Aonane kwanza na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na warithi wake wajue mapema.

Kwa sasa andikeni barua moja kwa uongozi wa chuo, mtaje kiasi, matumizi na tarehe ya kila mwaka, kisha muombe taarifa fupi ya matumizi kabla ya mchango unaofuata. Fedha zipitie akaunti ya chuo, si mkononi mwa mtu, hata akiwa rafiki yenu wa darasa moja, na risiti pamoja na nakala ya barua zibaki kwa mtunza fedha wenu.