Katumwa na Nani?

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama filamu ya kutisha inamtendea haki mtazamaji pale inapokataa kumweleza kitisho chake kimetoka wapi. Nitalijibu kwa filamu moja tu, kwa sababu ndiyo niliyoirudia mara nyingi kuliko zote za aina yake, na ndiyo iliyonigombanisha na watu wengi zaidi: It Follows, ya mwongozaji wa Kimarekani David Robert Mitchell, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Cannes mwaka 2014 na kuingia katika majumba ya sinema ya Marekani mwezi Machi wa mwaka uliofuata. Kwa maoni yangu filamu ya namna hii haidaiwi chanzo. Inadaiwa kanuni, na ikishazitaja izishike. It Follows inalipa deni hilo karibu lote, kisha inateleza mahali ambapo wengi wanaoilalamikia wala hawapagusi.

Kwa msomaji ambaye hajaiona: Jay, msichana wa chuo anayeishi na mama yake na mdogo wake katika kitongoji cha Detroit, analala na kijana anayemfahamu kwa jina la Hugh. Muda mfupi baadaye kijana huyo anamfunga kwenye kiti cha magurudumu ndani ya jengo lililotelekezwa, si kwa nia ya kumuua bali ili amwoneshe kwa macho yake mwenyewe kile alichomrithisha. Kuanzia usiku huo Jay atafuatwa na kitu kinachoweza kuchukua sura ya mtu yeyote, mgeni au ndugu, ambacho watu wengine wa kawaida hawakioni. Hakikimbii kumfukuza, kinatembea tu, moja kwa moja, kutoka popote kilipo. Akilala na mtu mwingine, kitamhamia huyo. Huyo akiuawa, kitarudi kwa Jay, na kikimmaliza Jay kitamrudia Hugh. Asiingie kamwe mahali penye mlango mmoja tu wa kutokea, kijana anamwusia, kisha anamshusha mbele ya nyumba yao na kutokomea.

Niliitazama kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, tukiwa watano tumebanana kitandani na sakafuni katika chumba cha kupanga, kompyuta mpakato moja juu ya ndoo iliyopinduliwa. (Si filamu ya kutazama sebuleni na wazazi, kuna miili mitupu humo ambayo ingemfanya kila mmoja akumbuke ghafla kwamba ana kazi jikoni.) Kabla ya nusu saa kwisha ukazuka ubishi ambao mtazamaji wa Kiingereza hawezi kuupata. Jina la filamu kwa Kiingereza halisemi kama anayefuata ni mtu, mnyama au kitu, ilhali Kiswahili hakikupi nafasi ya kujificha hivyo. Lazima uchague ngeli ndipo ufungue mdomo. Mmoja wetu alikuwa akinong'ona "kinakuja", mwingine "linakuja", na rafiki yetu aliyekulia Lushoto akashikilia "anakuja" tangu mwanzo hadi mwisho. Tulipomuuliza kwa nini analipa zimwi hilo heshima ya kiumbe mwenye nia yake, alijibu kwa swali: "Kwani huyo katumwa na nani?"

Watu waliosoma hupenda kulicheka swali hilo. Mimi naona ndilo swali lenu, Mhariri, likiulizwa kwa Kiswahili cha nyumbani. Kwetu kitu kinachomwandama mtu usiku huwa na mwenyewe, na kikiwa na mwenyewe kinaweza kuombewa, kupungwa au kurudishwa kilikotoka. Mtu anayetaka kujua chanzo hatafuti hadithi ya ziada ya kumstarehesha. Anatafuta mlango wa pili wa kutokea. Ndiyo maana watazamaji wengi niliozungumza nao hutoka katika filamu hii wakihisi wamepunjwa. Wamefungiwa ndani ya chumba chenye mlango mmoja, na mwongozaji ameondoka na ufunguo.

Lakini wanaosema hivyo wanasahau kwamba vijana walio ndani ya filamu, Jay na rafiki zake, nao wanauliza swali lile lile na wanahangaika kulijibu. Wanakwenda hadi nyumba aliyokuwa amepanga Hugh na kuikuta tupu, na madirishani yananing'inia makopo na chupa zilizofungwa kwa kamba ili zilie endapo kitu kitaingia. Wanapata picha, wanaifuata hadi shule aliyosoma, wanagundua kwamba hata jina lake ni la uongo, anaitwa Jeff, na hatimaye wanaketi naye kwenye majani nje ya nyumba ya mama yake. Hapo ndipo wanapotarajia kupewa chanzo, nasi pamoja nao. Anachoweza kuwaambia ni kwamba yeye mwenyewe alikipata kwa mwanamke wa usiku mmoja ambaye hata jina lake halikumbuki. Kisha katikati ya mazungumzo anamwona msichana akija kwa mbali, anasita, na kuwauliza wenzake kama nao wanamwona. Kwa mtazamo wangu filamu imejibu swali la katumwa na nani, ila jibu lenyewe halina faida kwa aliyeuliza: aliyekituma ni mtu wa kabla yako, naye alikipokea kwa wa kabla yake, na mnyororo unapotea gizani.

Malalamiko ya pili niliyoyasikia mara nyingi ni kwamba filamu ni ya polepole na hakuna kinachotokea. Haya nayapinga bila kusita, maana anayeyasema amekuwa akitazama mbele ya picha, wakati filamu inaendelea nyuma yake. Chukua onesho la darasani. Mwalimu anasoma shairi la T. S. Eliot kwa sauti isiyopanda wala kushuka, Jay anageuza uso dirishani, na mbali kabisa, ng'ambo ya uwanja wenye majani, kuna bibi kizee aliyevaa gauni la hospitali anayetembea kuja upande wake. Hakuna anayepiga kelele na shairi linaendelea. Wanafunzi wanapita uwanjani bila kugeuka, na bibi yule hapunguzi wala haongezi mwendo. Onesho jingine, wanapokwenda shuleni kumtafuta Jeff, mpiga picha Mike Gioulakis anaizungusha kamera duara kamili, na zaidi ya duara, polepole kama feni iliyokatiwa umeme. Tunaona ukumbi, ofisi, dirisha, na nje ya dirisha mtu anayetembea. Kamera inapita, inarudi, na mtu yule amekaribia. Kamera haimwoneshei kidole. Anayemwona atanyamaza na kushika pumzi. Asiyemwona ataona vijana wawili wanauliza habari ofisini, na ni kweli atachoka.

Baada ya maonesho hayo mawili kila mpita njia anakuwa mtuhumiwa, na nadhani hapo ndipo fedha kidogo zilipofanya kazi kubwa. Filamu hii ilitengenezwa kwa bajeti ambayo kwa viwango vya Hollywood ni ya chai, yaani dola milioni mbili au chini ya hapo, na zimwi lake kwa sehemu kubwa ni watu wanaotembea tu. Linapohitajika jitu, linakuja moja mara moja: mlango wa chumba unagongwa, Yara, rafiki wa Jay, anasema ni yeye, wanamfungulia, na nyuma yake anainama mwanamume mrefu kupita kimo cha mlango, macho yake mashimo. Chumba chetu kizima kiliruka, na ndoo ikapinduka.

Kuhusu muziki nina neno dogo. Ulitungwa na Disasterpeace, kijana aliyekuwa akijulikana kwa muziki wa michezo ya kompyuta, na wengi wanausifu kuliko kitu kingine chochote katika filamu. Nami nausifu, ila mara mbili tatu unapiga mbiu kabla mgeni hajafika, na filamu iliyojenga hofu yake juu ya mtazamaji kujionea mwenyewe haikuhitaji mpiga mbiu.

Lipo kundi la watazamaji wanaoamini wamekwisha kuifumbua: kwao kitu kile ni UKIMWI, na mjadala umefungwa. Naelewa kwa nini sisi hasa tunalikimbilia jibu hilo. Tumekua na mabango ya tahadhari kwenye kuta za zahanati, na mtaani mtu aliyeambukizwa alisemwa kwamba amekanyaga miwaya. (Filamu ilipofika bwawani, vijana walipoanza kupanga vifaa vya umeme pembeni mwa maji, mwenzetu mmoja aliukumbuka msemo huo na akacheka hadi tukalazimika kuisimamisha.) Hata hivyo mfano huo haukai. Ugonjwa haukuondoki kwa kuwa umemwambukiza jirani, wala hausubiri afe ndipo ukurudie. Kinachofanana zaidi na kanuni za filamu hii ni mdhamini wa mkopo. Aliyekopa akiwa hai na analipa, wewe uliyetia saini unalala. Akitoweka, barua inakuja kwako, na mleta barua hana haraka kwa sababu anajua unapokaa. Jay akimpa Greg, kijana wa nyumba ya jirani, anakuwa mdhamini wa Greg. Greg haamini. Usiku mmoja Jay anaona kutoka ng'ambo ya barabara mtu mwenye sura ya Greg akivunja dirisha la nyumba ya Greg, anapiga simu isiyopokewa, anavuka mbio, na anafika kukuta kitu kile kimekwisha geuka sura ya mama wa kijana huyo na kinagonga mlango wa chumba chake. Greg anaufungua. Deni limerudi.

Nilisema filamu inateleza mahali fulani, na mahali penyewe ni bwawani. Mwongozaji Quentin Tarantino, katika mahojiano ya mwaka 2015, aliisifu sana dhana ya filamu hii, kisha akalalamika kwamba inavunja kanuni ilizojiwekea. Katika hilo nipo upande wake, ingawa si kwa kila hoja. Vijana wanamweka Jay katikati ya maji kama chambo, wakipanga pembeni taa, runinga za chogo na mashine za kupigia chapa, zote zimechomekwa kwenye umeme, wakitumaini kitu kile kitaingia majini nao wakiue. Hakiingii. Kinasimama ukingoni na kuanza kumrushia Jay vifaa hivyo kimoja kimoja. Mashabiki hujibu kwamba Hugh alionya mapema: ni cha polepole lakini si kijinga, kwa hiyo kimeutambua mtego. Sawa, sibishi kwamba kinaweza kuwa na akili. Ninacholalamikia ni kwamba kwa zaidi ya saa nzima nilikuwa nakiogopa kwa sababu ya umbali uliokuwa ukipungua, na sasa umbali umefutwa; kilichobaki ni mtu mwenye hasira anayerusha mapasi, na risasi za Paul, rafiki mwingine wa Jay, zinazomjeruhi Yara mguuni kwa bahati mbaya.

Kinachoniuma ni kwamba bwawa hilo hilo limezungukwa na vitu vizuri kuliko vyote. Wakiwa njiani kwenda huko, Yara anasimulia kwamba alipokuwa mdogo wazazi wake hawakumruhusu kuvuka barabara ya 8 Mile kwenda kusini, na kwamba alikuwa hajui kuwa ndipo vitongoji vinapoishia na mji unapoanza. Detroit ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 mwaka 1950 na karibu 714,000 mwaka 2010, na mwezi Julai 2013 mji ukatangaza kufilisika. Zile nyumba zenye madirisha yaliyopigiwa mbao zinazopita nje ya kioo cha gari hazikujengwa kwa ajili ya filamu. Pia, ndani ya bwawa, Kelly, yule mdogo wake Jay, anamuuliza dada yake anaona nini, na Jay anakataa kusema. Baadaye kamera inapita juu ya picha ya familia na tunamtambua mwanamume yule aliyesimama ukingoni: ni baba yao. Hakuna anayetamka neno. Filamu inayoweza kufanya hivyo kwa picha moja ya ukutani haikuwa na sababu ya kurusha runinga.

Tulipofika mwisho, Jay na Paul wanatembea kwenye njia ya mtaa wao wakiwa wameshikana mikono, na nyuma yao, mbali kidogo, kuna mtu anatembea. Filamu ikakatika hapo. Wawili kati yetu wakasema huyo ni mpita njia tu anayekwenda dukani, wawili wakasema ndicho chenyewe, na mwenye kompyuta akairudisha nyuma mara tatu bila kupata mshindi. Rafiki yetu wa Lushoto, ambaye usiku kucha alikuwa akidai aambiwe jina la aliyemtuma, alisogea hadi pua yake ikakaribia kugusa kioo, akauliza kwa sauti ya chini: "Mnadhani yuko umbali gani?"