Wakala anataka shilingi 40,000

SWALI: Shikamoo Shangazi. Marehemu mume wangu alikuwa askari wa Marine wa Marekani, akihudumu Camp Lejeune, North Carolina, 1983 hadi 1985. Alifariki kwa saratani ya kibofu. Sasa kijana mmoja hapa mjini anataka shilingi 40,000 anifungulie kesi ya maji machafu ya kambi hiyo. Nimpe?
Mama Njeri, South B

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Usimpe hata nauli.

Kesi anayokuuzia ilitokana na sheria ya Marekani ya Agosti 2022, na mlango wa madai mapya ulifungwa Agosti 2024. Maji yenyewe yalichafuka kuanzia 1953 hadi 1987, kwa dawa za dobi mmoja jirani na mafuta ya matangi yaliyovuja ardhini. Watu walichemsha chai wakanywa.

Lakini iko njia nyingine, na haina siku ya mwisho. Idara ya wanajeshi wastaafu ya Marekani huchukulia kuwa saratani ya kibofu ilitokana na maji hayo, mradi askari alihudumu pale siku 30 au zaidi na hakufukuzwa jeshini kwa aibu. Mjane anaweza kuomba malipo ya kila mwezi. Kuomba ni bure.

Tafuta cheti cha ndoa, cheti cha kifo kinachotaja ugonjwa, na ile karatasi yake ya kuondoka jeshini. Hiyo ya mwisho wengi huihifadhi chini ya godoro, anzia hapo. Je, uliolewa tena? Hukusema, nao watakuuliza.