Kidonge cha Jumatatu, na maswali mengine ya mifupa, viungo na misuli

Nimekuwa muuguzi wa wodi ya mifupa kwa miaka mingi, na barua zenu za safari hii zinanionyesha kilekile ninachokiona kila siku. Daktari ameandika dawa inayofaa, mgonjwa ameipata, halafu mambo yanaharibika nyumbani: saa ya kumeza, namna ya kukaa, kidole ambacho hakuna aliyekitazama. Nimechagua maswali saba. La kwanza nililijibu kwa simu siku hiyohiyo kwa sababu halikuwa la kungojea, ila naliweka hapa ili mzazi mwingine alikute.

Mwanangu wa miaka tisa alianguka akavunjika mkono, juu kidogo ya kiwiko. Jana jioni alifungwa plasta ngumu. Usiku kucha analia na dawa ya maumivu haimsaidii. Jirani anasema mfupa ndivyo ulivyo, lazima uume siku ya kwanza. Nivumilie?

Usivumilie, mama. Mrudishe hospitali sasa hivi.

Ni kweli mfupa uliovunjika unauma. Lakini ukishanyooshwa na kutulizwa ndani ya plasta, maumivu hupungua saa hadi saa. Yakipanda badala ya kushuka, na dawa isiyapunguze, tunahofia misuli imebanwa. Misuli ya mkono imefungwa ndani ya mifuko ya utando mgumu usiovutika. Ikivimba na haina pa kwenda, inaibana mishipa yake yenyewe na damu haipiti. Ndani ya saa sita hivi misuli huanza kufa, na iliyokufa haifufuki: vidole hujikunja kama vya ndege na kubaki hivyo.

Wodini tunatazama vidole vinavyochungulia nje ya plasta. Je, vina rangi ileile ya vidole vya mkono mwingine? Vina joto? Mtoto anasikia ukimgusa? Anavichezesha mwenyewe? Tunabonyeza ukucha mpaka upauke, kisha tunauachia. Rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde mbili. Kisha tunakunjua vidole polepole, sisi wenyewe. Mtoto akipiga yowe hapo, hatungoji zaidi. Na usidanganywe na mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu yanaweza kuendelea kupiga vizuri huku misuli inakufa.

Njiani mkono uwe usawa wa moyo, usiuinue juu. Uvimbe wa kawaida wa siku mbili za kwanza ndio unaotaka mkono uinuliwe juu ya mito. Misuli iliyobanwa inahitaji damu iifikie. Usiikate plasta mwenyewe, na ukifika sema wazi: "Maumivu yanaongezeka, na akikunjuliwa vidole analia." Maneno hayo yanatosha kumfanya muuguzi yeyote aache anachofanya.

Nilimhudumia binti mmoja wa rika hilo. Tulipasua plasta yake kutoka juu hadi chini, akaendelea kulia. Pamba ya ndani ilikuwa imelowa damu, ikakauka, ikawa ngumu kama ubao. Tulipoikata nayo hadi tukaiona ngozi, alinyamaza katikati ya kilio. Tangu siku hiyo sihesabu plasta kuwa imefunguliwa mpaka nione ngozi.

Mama aliyeniuliza alifika mapema. Vidole vya mwanawe vinacheza.

Mguu unaniwasha ndani ya plasta hadi nachanganyikiwa. Naweza kupenyeza kijiti nijikune?

Hapana, wala rula, wala waya. Ngozi iliyo ndani ya plasta ni laini na ina unyevu; mchubuko mdogo unageuka kidonda usichokiona. Gonga plasta kwa nje mahali panapowasha, au puliza hewa ya baridi kwa mashine ya kukaushia nywele. Nasisitiza baridi, maana ya moto inaunguza. Ukisikia harufu mbaya, ukaona doa jipya la unyevu, au sehemu moja ikawa na joto kuliko nyingine, rudi hospitali. Na kama plasta yako ni ile ya chokaa, ilihitaji siku moja hadi tatu kukauka sawasawa: katika siku hizo inashikwa kwa viganja, kwa sababu ncha za vidole huacha mashimo yanayokuja kuchimba ngozi ndani.

Shikamoo dada. Mama yangu ana baridi yabisi. Ameandikiwa metotreksati, vidonge sita kila Jumatatu. Mikono ikimzidia katikati ya wiki anaongeza viwili. Pia anatumia prednisoloni, na anataka kuiacha kwa sababu imemvimbisha uso. Kuna ubaya?

Marahaba, na asante kwa kuuliza, kwa sababu ubaya upo na ni mkubwa. Mpeleke mama hospitali leo, hata kama anajiona mzima, aende na kopo la vidonge, na umweleze daktari ameongeza vingapi na siku zipi. Watampima chembe za damu, ini na figo. Dawa ya kuzuia madhara ipo, na kadiri inavyotolewa mapema ndivyo inavyosaidia.

Metotreksati haitulizi maumivu. Inaidhibiti kinga ya mwili inayovishambulia viungo, nayo hufanya hivyo taratibu: nafuu huonekana baada ya wiki sita hadi kumi na mbili. Kidonge cha ziada siku ya Jumatano hakiwezi kuituliza mikono siku hiyo ya Jumatano. Kinachoweza ni kudhoofisha uboho, yaani mahali damu inapotengenezwa. Dawa hii hutolewa mara moja kwa wiki, na watu wamekufa kwa kuimeza kila siku kwa makosa. Vidonda mdomoni, homa, koo kuuma, ngozi kuvilia damu, kikohozi kikavu chenye kukosa pumzi: chochote katika hivyo kikitokea, haendelei na dawa mpaka apimwe.

Mkirudi nyumbani, vidonge hivyo viwekwe mbali na dawa zake za kila siku, na neno JUMATATU liandikwe kwenye kopo kwa herufi kubwa. Kila mkipokea dawa mpya someni nguvu yake, kwa kuwa kuna vidonge vya miligramu 2.5 na vya miligramu 10. Sita vya aina ya pili ni dozi mara nne. Kama ameandikiwa foliki asidi, ile vitamini inayotolewa pamoja na metotreksati, inaukinga mwili na baadhi ya madhara, na kwa kawaida humezwa siku isiyo ya metotreksati. Akiugua kitu kingine, kila anayemtibu aambiwe kuhusu dawa hii, hasa kabla ya kupewa kotrimoksazoli, dawa ya kuua bakteria, kwa sababu zikikutana zinaweza kuangusha chembe za damu vibaya. Na kwa wasomaji wengine: mwanamke anayeweza kushika mimba hatumii metotreksati bila uzazi wa mpango wa uhakika.

Prednisoloni asiiache ghafla. Baada ya wiki tatu au zaidi, tezi zilizo juu ya figo zinakuwa zimezoea kupumzika na haziamki mara moja. Mtu anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha ikashuka akaanguka. Dozi hupunguzwa kidogokidogo na daktari. Namwelewa kabisa kuhusu uso, tena wanaoteseka nao ni wengi. Aliseme kliniki kama tatizo, asilibebe peke yake.

Nina miaka 68. Nilijikwaa nikavunjika kifundo cha mkono, wakasema mifupa imedhoofu, nikapewa alendronati ya mara moja kwa wiki. Naimeza usiku nikiingia kitandani nisije nikasahau. Sasa kifua kinawaka moto na chakula kinauma kikishuka. Je, ni kidonge?

Shikamoo mama. Inaelekea ndicho. Usimeze kingine mpaka umwone daktari, kwa sababu maumivu wakati wa kumeza yanaweza kuwa kidonda kwenye umio, yaani njia ya chakula. Kidonge hiki kikinata njiani kinachubua, na ukilala nacho umekipa usiku mzima.

Ukiambiwa uendelee nacho, kimeze asubuhi ukiamka, tumbo likiwa tupu, kwa bilauri nzima ya maji matupu, kama mililita 200. Kisha kaa wima au tembea kwa nusu saa, bila kula, bila chai, bila dawa nyingine. Watu huniona mkali juu ya chai. Lakini hata kikimezwa sawasawa, mwili hufyonza chini ya asilimia moja ya kidonge hicho. Chai, maziwa au kidonge cha kalsiamu vinaweza kukipokonya hata hicho kidogo. Kalsiamu yako isubiri hadi baadaye.

Umio ukikataa, ipo dawa ya jamii hiyohiyo inayotolewa kwa dripu mara moja kwa mwaka. Kabla ya kung'oa jino, mwambie daktari wa meno kuwa unatumia dawa hizi. Na ukianza kupata maumivu mapya ya paja au kinena yasiyo na sababu, usiyaite uzee. Nenda kapigwe picha.

Magoti yameisha. Nakunywa diklofenaki asubuhi na ibuprofeni jioni nisizoee moja. Nina presha pia, natumia enalaprili na dawa ya kukojoza. Nimekosea wapi?

Umechukua ndugu wawili wa tumbo moja ukadhani ni majirani. Diklofenaki na ibuprofeni zinafanya kazi kwa njia ileile, kwa hiyo hupati nafuu mara mbili; unachopata mara mbili ni madhara. Zinachubua tumbo na kupandisha presha. Zikiungana na enalaprili na dawa ya kukojoza, figo zinabanwa pande tatu kwa wakati mmoja, na siku ukiharisha au ukitapika zinaweza kusimama kabisa. Acha zote mbili, ile ya presha usiiache, kisha nenda upimwe figo wiki hii. Choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje wiki: nenda siku hiyohiyo.

Badala yake, ulizia jeli ya diklofenaki ya kupaka. Gotini inasaidia, na kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana, ingawa kwa figo zako ianze baada ya majibu ya vipimo. Parasetamoli unaweza kuitumia, ila kwa mtu mzima isizidi gramu nne kwa saa 24, yaani vidonge vinane vya miligramu 500. Mwenye mwili mdogo au ini bovu ataambiwa pungufu. Soma na dawa zako za mafua, maana nyingi zina parasetamoli ndani.

Lakini dawa kubwa ya goti lako ni msuli wa mbele ya paja. Keti kwenye kiti, nyoosha mguu mpaka uwe sawa, hesabu hadi tano, ushushe polepole. Fanya mara kumi kila mguu, mara mbili kwa siku, kwa miezi. Fimbo ishike kwa mkono wa upande wa goti lenye nafuu. Wengi huishika kinyume. Kama una uzito wa kupunguza, kila kilo inayotoka inalipunguzia goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua.

Nilianzishiwa alopurinoli ya jongo. Wiki ya pili dole gumba likawaka kuliko mwanzo, nikaitupa. Nilifanya sawa?

Hukufanya sawa, ila sikulaumu kama hukuelezwa. Alopurinoli hushusha asidi ya yuriki, na fuwele zilizokaa kwenye kiungo kwa miaka zinapoanza kuyeyuka huchokoza moto. Ndiyo maana huanzishwa kwa dozi ndogo, mara nyingi miligramu 100, na miezi ya mwanzo mgonjwa hupewa kolkisini kidogo ya kumkinga. Rudi kliniki uanzishwe upya pamoja na kinga hiyo. Lengo ni asidi ya yuriki chini ya miligramu 6 kwa desilita. Upele ukitokea, hapo ndipo unaiacha palepale na kwenda hospitali. Na kiungo kikiwaka pamoja na homa, usidhani ni jongo mpaka uhakikishiwe kuwa si usaha.

Bibi yetu alivunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, karudi nyumbani. Tumemwachia kitanda apumzike hadi mfupa uunge. Tunampa kila kitu kitandani. Kuna la kuongeza?

La kuongeza ni kumtoa kitandani. Najua mnafanya hivyo kwa mapenzi, lakini kwa mzee kitanda kinakula misuli siku hadi siku, mapafu yanajaa, damu inaganda miguuni. Nyonga iliyotengenezwa kwa upasuaji hutengenezwa ili ikanyagiwe. Mpigieni aliyempasua muulize mambo mawili: anaruhusiwa kukanyagia kiasi gani, na je, kuna mikao aliyokatazwa, kama kukunja nyonga kupita pembe mraba au kupishanisha miguu. Mkipata jibu, bibi ale mezani akiwa ameketi kwenye kiti cha juu, na aende msalani kwa kitembezi huku mtu yuko kando yake.

Dawa ya kuzuia damu kuganda, ya sindano au ya vidonge, imalizwe yote. Kwa kawaida huchukua kama mwezi tangu upasuaji. Shavu la mguu likivimba na kuuma, mpelekeni hospitali siku hiyo. Pumzi ikikatika ghafla au kifua kikichoma, ni dharura. Kama anatumia dawa kali za maumivu, tramadoli au mofini, apewe na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, na usiku asiachwe atembee peke yake, kwa sababu zinalevya.

Akiwa kitandani mgeuzeni kila baada ya saa mbili. Na jioni hii, kabla hajalala, mvueni soksi mtazame visigino vyote viwili. Bonyezeni kwa kidole sehemu yoyote iliyobadilika rangi. Ikibaki vilevile bila kupauka, kidonda kimeshaanza: wekeni mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kiwe hewani, bila kugusa godoro, na asubuhi mwiteni muuguzi aje akione.