Usigawe kwa kumi! (kwa ndugu wa Himbi, Goma, anayepanda Rwenzori)

Weka chini hiyo mita ya seremala kabla hujaharibu safari. Umeandika kwamba utachomeka fimbo kwenye theluji ya mlima Stanley, usome sentimita, ugawe kwa kumi, na hayo ndiyo maji yatakayopatikana theluji ikiyeyuka. Nimesoma sentensi hiyo mara mbili tumbo likaniuma, maana ndivyo nilivyofanya mimi, na daftari zima la vipimo likaishia kuwashia makaa. Yale mengine uliyouliza, yaani miezi, viatu, picha za setilaiti na kama theluji hiyo inaongeza maji ya Ziwa Kivu, yangoje kidogo.

Kugawa kwa kumi ni hesabu ya theluji iliyoanguka usiku huu, kavu, haijaguswa na jua wala upepo. Hiyo kweli mita moja ya ujazo ina kilo kama 100, pengine hata 50. Ikilala siku chache inafika 200 hadi 300. Iliyopigwa na upepo, 350 hadi 400. Iliyolowa na kuzeeka inafika 500, na barafu yenyewe ni karibu 900. Fimbo yako haijui lolote kati ya hayo. Inasoma sentimita 40 na kunyamaza. Sentimita 40 zinaweza kuwa maji ya sentimita 4, na zinaweza kuwa maji ya sentimita 16.

Hapo bado hatujafika pabaya. Pabaya ni siku ya tatu. Tuseme imeanguka theluji ya sentimita 60, nyepesi, ina maji ya sentimita 6. Inajilaza kwa uzito wake, siku ya tatu unakuta 40. Wewe unaandika "theluthi imeyeyuka", na hakuna hata tone lililotoka. Ni sentimita 6 zilezile, zimebanana tu. Usiku inanyesha mvua ya sentimita 2, theluji inainywa yote kama sponji na kushuka hadi 30. Fimbo inasema theluji imebaki nusu, kumbe maji yamepanda hadi 8. Grafu yako inashuka wakati maji yanapanda! Ukiipeleka mbele ya walimu, mmoja wao akiwa amewahi kusoma habari za theluji, utatoka jasho humohumo ukumbini.

Mafundisho ya kugawa kwa kumi niliyapewa na mkufunzi wa siku tatu, mwenye projekta na kizibao cha mifuko kumi na miwili. Sidhani kama aliwahi kugusa theluji nje ya friji. Alitupa hiyo kanuni kama Amri ya Kumi na Moja, akala posho yake, akapanda ndege. Basi.

Kwa hiyo: PIMA UZITO. Kimo ni msaidizi tu.

Tafuta tuyo (bomba la plastiki) ya PVC ngumu ya milimita 75, urefu mita moja. Usiamini namba iliyoandikwa kwa nje, pima kipenyo cha NDANI. Kikiwa sentimita 7, mdomo wake una eneo la sentimita za mraba 38.5. Mdomo wa chini utie meno kwa msumeno wa chuma na tupa, ubavuni chora alama kila sentimita, kisha toboa vijitundu vyembamba uone theluji imefika wapi ndani. Kwa theluji iliyoganda sana PVC itakushinda, hapo wenye uwezo wanatumia alumini.

Izamishe wima ukiizungusha kama unakoroga bugali mzito, mpaka igome. Kabla ya kuing'oa soma kimo cha nje, kisha chungulia tunduni usome kimo cha ndani. Cha ndani kikiwa pungufu ya asilimia 80 ya cha nje, mwaga urudie, kuna kitu kimeziba. Kwenye udongo, mdomo utoke na kizibo cha matope, hiyo ndiyo alama kwamba umefika chini. Kikwangue ndipo upime. Juu ya barafu hakuna matope, utasikia tu mlio unabadilika na mikono inatetemeka. Jihadhari na tabaka jembamba la barafu katikati ya theluji: tuyo inagoma hapo, unadhani umefika, kumbe nusu ya maji bado iko chini ya miguu yako.

Sasa mizani. Ile ya ndoana ya wauza nyama wa mtaa wa Birere iache palepale. Mistari yake ni ya gramu 100, na gramu 100 katika tuyo hiyo ni milimita 26 za maji. Umeona? Tafuta ya kilo 1 au 2 yenye hatua za gramu 5 au 10. Pima tuyo tupu, pima tuyo na theluji, toa. Gramu ugawe kwa 38.5, unapata sentimita za maji moja kwa moja. Mfano: theluji yenye kimo cha 40, uzito gramu 462. 462 kwa 38.5 ni 12. Kanuni ya mkufunzi ingekupa 4. Kwenye uwanja wa mita 500 kwa 500 hiyo ni meta za ujazo 30,000 dhidi ya 10,000. Bidoni milioni moja za lita 20 zimepotea kwa sababu ya fimbo. Mama mmoja wa mtaa wa Majengo akisikia hivyo atakuchapa nazo zote.

Yanayoharibika mara nyingi: jua likiipasha tuyo, theluji inayeyuka kidogo ndani, inaganda tena, inaziba koo. Ilaze kivulini ndani ya theluji robo saa kabla ya kuanza, na ipake nta ya mshumaa kwa ndani. Upepo nao unachezesha mizani, basi kaa nyuma ya jiwe. Usipoiamini mizani, mimina theluji kwenye kopo lenye kifuniko, iyeyuke kambini, pima maji kwa serinji ya mililita 50 ya famasi. Mililita moja ni gramu moja. Kopo, si sasheti za plastiki: ukipitia Gisenyi, upande wa Rwanda zilikopigwa marufuku, sasheti zako zitaishia mpakani na utafiti wako pamoja nazo.

Huna haja ya kupima uzito kila mahali. Kimo hubadilika ovyo, nyuma ya kila jiwe kuna lundo lake. Uzito kwa ujazo haubadiliki sana hatua kwa hatua. Chukua vimo 30 kwenye mstari, kila mita 10, na uzito sehemu tano au sita. Hapo ndipo fimbo yako inapata kazi ya heshima.

Miezi: usinakili kalenda ya Wamarekani. Wao hupima sana tarehe 1 Aprili kwa sababu kwao theluji hujikusanya msimu mzima wa baridi ndipo iyeyuke. Mwaka 2015 siku hiyo kituo cha kupimia theluji cha Phillips huko Sierra Nevada ya California kilikutwa na majani makavu tu, na gavana Jerry Brown akiwa amesimama juu yake akaamuru miji ipunguze maji kwa asilimia 25. Rwenzori iko kwenye ikweta. Theluji inaweza kuanguka mwezi wowote na kuondoka baada ya siku mbili. Ni sawa na mlima Karisimbi ukiamka mweupe: saa nne kila mtu Goma ana picha, saa nane hakuna kitu, na mara nyingi ile ilikuwa mvua ya mawe. Kwa hiyo kipimo kimoja kwa mwaka hakina maana. Chomeka vijiti kwenye barafu, vya mwanzi au PVC nyeupe. Chuma hapana, kinapashwa na jua na kuyeyusha shimo lake chenyewe. Pima kipande kilichobaki nje kila unaporudi. Barafu tupu ikishuka sentimita 10, ni maji ya sentimita 9. Hapo ndipo pekee kimo kinatosha, kwa kuwa uzito wa barafu unajulikana. Kukiwa na theluji juu yake, rudi kwenye tuyo.

Picha za setilaiti: chagua ya kiangazi. Ya asubuhi baada ya theluji itakuonyesha barafu imekua, nawe utatangaza muujiza. Mwaka 2003 barafu ya Rwenzori yote ilikuwa imebaki chini ya kilomita 1 ya mraba.

Na hilo la Ziwa Kivu, ndugu yangu, hapana. Maji ya Rwenzori yanashuka Semliki, yanaingia Ziwa Albert, yanakwenda Nile. Kivu inatoka kwa Ruzizi kuelekea Tanganyika. Hata huko chini ya Rwenzori kwenyewe, katika mto Mubuku upande wa Uganda, maji ya barafu hayafiki asilimia 2. Mito hiyo inashibishwa na mvua na vinamasi vya juu. Kwa hiyo sura yako ya tatu, "Theluji na maji ya kunywa Goma", ifute leo.

Tuma hapa kipenyo cha ndani cha tuyo utakayoipata, nikupigie hesabu ya eneo kabla hujapanda. Na mizani, tafadhali, ipige picha, nione mistari.