Aliyenunua CD Amenunua Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Chikongola hapa Mtwara. Ninazo CD 40 za taarabu na dansi, ambazo nilizinunua kwa fedha zangu, moja moja, kuanzia mwaka 2001. Baadhi zimekwaruzika kiasi kwamba wimbo ukifika katikati unaanza kuruka, na redio niliyoletewa na mwanangu haina mahali pa kuingiza CD; ina tundu la flashi tu. Kijana mwenye kibanda cha kujaza nyimbo amekubali kunihamishia zote kwenye flashi kwa shilingi 10,000. Mjukuu wangu ananizuia, anasema amesoma kwenye simu kwamba kunakili CD ni kosa hata kama ni yako. Je, ni kweli? Na nikishapata flashi hiyo, naweza kumtolea nakala mdogo wangu aliyeko Nachingwea?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Mjukuu wako hakukosea kusoma, ila huenda alisoma sheria ya nchi nyingine. Uingereza, kwa mfano, iliruhusu watu kunakili muziki walioununua kwa matumizi yao binafsi kuanzia tarehe 1 Oktoba 2014, lakini ruhusa hiyo ikafutwa na Mahakama Kuu ya huko mwezi Julai 2015, baada ya vyama vya wanamuziki kulalamika kwamba serikali haikuweka fidia yoyote kwa wenye kazi. Ujerumani nayo ilichukua njia yake tangu mwaka 1965: mwananchi aruhusiwe kurekodi nyumbani, lakini vifaa vya kurekodia vilipiwe tozo inayowafikia watunzi. Kwa hiyo anayetafuta jibu la swali hili katika mtandao hukutana na majibu yanayopingana, na yote yanaweza kuwa sahihi kila moja kwao.

Kwetu linalohusika ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, ambayo sasa ni Sura ya 218. Sheria hiyo inampa mtunzi haki ya pekee ya kuamua nani atoe nakala za kazi yake, kisha inataja matumizi machache yasiyohitaji idhini wala malipo. Mojawapo ni kunakili kazi iliyokwisha kutolewa kihalali, pale nakala inapokuwa kwa matumizi binafsi ya huyo anayenakili, na si kwa jambo jingine lolote. Wewe uliyenunua CD zako dukani, ukizihamishia kwenye flashi ili uzisikilize barazani kwako, umo ndani ya ruhusa hiyo.

Ruhusa hiyo, hata hivyo, ni nyembamba kuliko wengi wanavyoidhani, na sababu yake ni kile ulichokinunua. Aliyenunua gunia la korosho hakununua mkorosho. Ulipotoa fedha yako dukani ulipata kile kisahani: unaweza kukiuza, kukigawa, au kukitundika shambani kitishe ndege wanaokula mpunga, na hakuna msanii atakayekuja kukudai. Wimbo wenyewe ulibaki kwa mtunzi, na pamoja naye waimbaji, wapigaji na mtayarishaji aliyegharimia kurekodi, ambao haki zao ndizo sheria inaziita hakishiriki. Tena korosho ukishaila imekwisha, ilhali wimbo mmoja waweza kuzaa nakala elfu kwa mchana mmoja bila ule wa kwanza kupungua hata chembe. Umri wa CD zako nao haubadili jambo, kwa kuwa haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake.

Ndiyo maana kibanda kinanitia shaka zaidi kuliko wewe. Nakala ni yako, lakini kwa yule kijana kunakili ni biashara, na ruhusa ya matumizi binafsi ni ya mtumiaji, haikuandikwa kwa ajili ya mwenye duka. Isitoshe, desturi ya vibanda hivi tunaijua: CD zako zikishaingia kwenye kompyuta yake, nyimbo hazitoki tena, na kesho yake mteja mwingine atajaziwa taarabu zako kwenye memori kadi kwa bei ya wimbo mmoja mmoja. Azima kompyuta yenye sehemu ya CD, umwachie mjukuu wako kazi hiyo hapo nyumbani, maana ameonesha kwamba sheria anaijali. Muziki wa MP3 wa ubora wa kawaida huchukua takriban MB 1 kwa dakika, hivyo CD 40 za saa moja moja ni kama GB 2.4, na flashi ya GB 4 inatosha ikabaki na nafasi. Zile zilizokwaruzika zifutwe kwanza kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha.

Kuhusu mdogo wako, jibu ni hapana, ingawa najua halipendezi, kwani sisi tuliokulia kwenye kaseti tulirekodiana bila kujiuliza lolote. Nakala yake haitakuwa ya matumizi yako. Unaweza kumwazima CD zenyewe, au kumpa moja kwa moja. Lakini ukimpa kabisa huku ukibaki na flashi, mtakuwa wawili mnaosikiliza kitu kilicholipiwa mara moja, na hapo mimi nisingekutetea. Zitunze CD zako hata baada ya kuzihamisha.

SWALI: Nina mgahawa mdogo Lindi mjini. Nyimbo zangu zote nimezinunua kihalali kwa njia ya simu na ninazipigia wateja kwa spika. Nitahitaji kibali tena?

JIBU: Ndiyo. Kununua wimbo kulikupa haki ya kuusikiliza, na kuupiga mbele ya watu wasio wa familia yako wala marafiki zako wa karibu ni kuutumia hadharani, haki nyingine inayolipiwa peke yake. Zaidi ya hayo, nyimbo za kwenye simu huja na masharti uliyoyakubali ulipobonyeza kitufe, na mara nyingi masharti hayo yanakataza matumizi ya biashara hata kabla sheria haijasema kitu. Anza kwa kumwona Afisa Utamaduni wa halmashauri yako akuelekeze utaratibu wa kibali, na ukifika kwake uwe na leseni yako ya biashara pamoja na idadi ya viti vya mgahawa.