Sanduku la kanga za mama, na mwenyewe sijijui

SWALI: Anti shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 29, karani tu kwenye ofisi ya mizigo hapa Tanga, nakaa Ngamiani. Mama alifariki mwaka jana kaniachia sanduku la kanga, doti nyingine hata hazijakatwa. Ndugu wanasema nizigawe, rafiki yangu anasema nipeleke kwa fundi anishonee magauni na mito ya sebuleni. Ila kinachoniumiza ni kingine. Nikifungua lile sanduku naona mama alikuwa mtu mwenye chaguo lake, mimi nikijitazama sioni kitu, navaa wanachovaa wenzangu, nasikiliza wanachosikiliza, kuchora sijui kuimba sijui. Nitajijuaje?

JIBU: Marahaba mwanangu, Mungu amrehemu mama. La mirathi limalizeni kwanza na ndugu zako, kila mwenye haki apate chake. Zitakazobaki mikononi mwako ndo tuzungumze.

Zitandaze mkekani mchana kuna mwanga, usome jina la kila moja, yale maandishi yake, kwa sauti. Wengi wanaangalia pindo na mji, yaani ukingo na ua la katikati, wakiona rangi imekaa vizuri basi wanalipa, lakini mwanamke wa pwani anayezijua kanga dukani anaanza na maandishi, anaweza akaiacha iliyompendeza kabisa kwasababu jina halimfai, akazunguka duka la pili na la tatu anatafuta ile yenye neno analotaka mtu fulani alisikie na yeye mwenyewe hataki kulitamka. Halafu anaamua aivae siku gani, apite mlango wa nani. Mimi hiyo naiita sanaa kamili, na mama yako kaifanya maisha yake yote, hakuna aliyemwita msanii.

Utaona mengi humo. Ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ni kisutu, ya harusi hiyo. Angalia na ukingoni kama pana alama ya kiwanda, Urafiki pale Dar kilifunguliwa 1968 kwahiyo yenye alama yake haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, na zile kongwe zaidi huenda ni za bibi, zamani zilikuwa zinakuja kwa meli kutoka India, Uingereza, Uholanzi mpaka Japani. Ukikuta yenye Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu usimwachie mtu akate hata uzi, mpelekee mzee anayejua kuzisoma. Na ukikuta kipande kimoja hakina mwenzake, uliza. Wanawake walioshibana walikuwa wanagawana doti, huyu kipande na yule kipande, yaani huenda kuna mama mtaani kwenu ana nusu ya pili na ana maneno ya kukuambia kuhusu mama yako ambayo wewe mwanawe hujawahi kuyasikia. Mtafute sa hivi angali hai.

Sasa wewe. Unasema unasikiliza wanachosikiliza wenzako, sawa, lakini mji wenu ndo ule wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, mji alioimbia Shakila wa Pangani, na kwenye taarabu wanawake hawanyanyuki kutuza kwa pamoja. Mmoja anakaa kimya nyimbo tatu nzima, beti moja ikimgusa anainuka na hela yake mkononi anakwenda mbele mbele za watu wote, jirani yake wala hajui kwanini. Harusini wewe huwa unainuka kwenye maneno gani? Yapo, mwanangu, hujayaweka tu akilini. Anza kuyaweka, yaandike hata kwenye simu, maana mtu anajulikana kwa anachokichagua wakati hamna aliyemlazimisha.

Na hili la "mimi karani tu" liache kabisa. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapo hapo Tanga, alikuwa karani wa forodha toka 1926 mpaka 1944, na mashairi aliandika. Sikuambii uwe mshairi, nakuambia meza ya ofisi haijamzuia mtu kuwa na jicho lake na neno lake.

Kuhusu fundi, gauni sina neno nalo, mradi jina aliache lionekane. Mito siipendi, maana fundi akishakata maandishi yanaishia ndani ya mshono, na hapo umebaki na rangi tu. Mwisho wa mwezi nenda dukani peke yako, usimchukue rafiki, ununue doti moja kwa jina lake. Ukiulizwa kwanini hiyo, usimjibu mtu.

SWALI: Anti, mimi mwanaume niko chuo, bibi yangu wa Pangani kanipa doti ya kanga nijifunike, wenzangu bweni wananicheka wanasema ni vazi la kike. Niirudishe?

JIBU: Usirudishe, bibi ataumia bure. Wanaume wa pwani wanalala na kanga miaka nenda miaka rudi, na hao wanaokucheka wamebebwa mgongoni kwa kanga hizo hizo. Wasomee jina lake, bibi hakuokota ya kwanza aliyoiona. Kama ni mpya ifue peke yake kwanza, isichujie nguo nyingine, anika kivulini.