Lipu ya chokaa inapasuka: tuongeze saruji?

Swali: Nimesomea akiolojia na sasa niko kwenye ukarabati wa jengo la kale la mawe. Lipu mpya ya chokaa ina nyufa nyembamba, na ukiipitishia kidole inaacha unga. Fundi mkuu anataka tuongeze saruji kidogo. Nikubali? Na elimu yangu ya uchimbaji ina kazi gani hapa?

Jibu: Usikubali. Saruji hupitisha mvuke kwa shida. Maji yanayopanda kutoka msingini yakikosa pa kutokea, chumvi yake huganda ndani ya ukuta, na jiwe ndilo linalomeguka huku lipu ikibaki nzima.

Unga huo kwa kawaida ni dalili ya lipu iliyokauka mapema mno. Chokaa hukaza kwa kufyonza kaboni dayoksaidi hewani, na pasipo unyevu kazi hiyo husimama. Lowesha ukuta vizuri kabla ya kupiga lipu, kisha tundika magunia yaliyoloweshwa mbele yake kwa wiki moja hivi, jua na upepo visiifikie. Vunja kipande ukidondoshee fenolfthaleini, kimiminika cha maabara kinachobadilika rangi: palipogeuka waridi bado hapajakaza.

Nyufa huletwa na maji mengi, mchanga laini mno au tabaka nene. Anza na kipimo 1 cha chokaa ya uji mzito kwa 3 vya mchanga uliooshwa, wenye chembe kubwa na ndogo. Tabaka moja lisizidi milimita 10. Mafundi hupenda kuongeza maji ili mwiko uteleze. Kandeni mchanganyiko zaidi, utalainika wenyewe. Nyufa zikianza, rudieni kupiga kibao lipu ingali inabonyea kwa ukucha.

Elimu yako inahitajika kabla patasi haijagusa ukuta. Lipu kuukuu ina matabaka, na kiraka kilichokata tabaka ni kipya kuliko tabaka hilo. Piga picha zenye kipimio, chora kwa skeli ya 1:20, chukua sampuli. Sampuli ukiiloweka kwenye asidi hafifu ya hidrokloriki, chokaa huyeyuka na mchanga hubaki. Uoshe, uukaushe, uuchekeche, ndipo utafute unaofanana nao. Ila mchanga wa makombe au matumbawe nao huyeyuka, kwa hiyo kwanza uangalie kwa lenzi.

Mkijaribiwa kukamilisha urembo uliovunjika, Mkataba wa Venice wa 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unataka urejeshaji ukome pale kubahatisha kunapoanza. Michoro yako ndiyo itakayoonyesha ni wapi.